Mgeni Asiyelala Usiku Mmoja

Wakatekumeni wapendwa, mmekwisha kujifunza matendo ya huruma ya mwili, na mojawapo ni kumkaribisha mgeni. Watu wengi wasikiapo neno hili humfikiri mpita njia aombaye maji na mahali pa kulala hata asubuhi. Lakini mgeni aweza kuwa mtoto wa miaka saba asiye na mtu. Huyo hatalala usiku mmoja. Labda atakaa mpaka aote ndevu. Je, mgeni wa namna hiyo hukaribishwaje?

Katika Ngungu swali hili si geni. Tangu mwaka 1993, vita vilipowaka Walikale na Masisi, watu wa milima hiyo wamekimbia mara nyingi, na katika kukimbia watoto hupotea. Mama amebeba kitoto kichanga na sufuria, baba amekwenda kufungua ng'ombe, risasi zalia, kila mmoja ashika njia yake gizani. Kukipambazuka, mtoto yuko katika barabara ya Sake pamoja na watu asiowajua, nao wamfikisha Goma.

Huko Goma, mahali paitwapo Ngangi, mapadre wa shirika la Mtakatifu Yohane Bosco walifungua nyumba ambayo kwa miaka mingi imepokea yatima, watoto waliopotezana na wazazi, na wale waliotolewa katika majeshi ya porini. Mapadre wa shirika hilo walifika Kongo mwaka 1911, wakaanzia Katanga. Lakini kazi yenyewe ni ya zamani kuliko hapo, na yafaa kujua ilivyoanza, kwa kuwa wengi hudhani ilianza kwa fedha nyingi.

Ilianza jikoni. Jioni moja ya mvua, mwezi wa Mei 1847, mvulana wa miaka kama 15 alibisha mlangoni pa Padre Yohane Bosco katika mji wa Torino, nchi ya Italia. Alikuwa yatima, ametoka bonde la Valsesia kutafuta kazi ya uashi, na fedha yake kidogo imekwisha. Padre alikaa na mama yake, Margherita, mjane mkulima asiyejua kusoma. Siku za nyuma walikuwa wamewalaza vijana wengine katika ghala ya majani; kulipokucha vijana hawakuwapo, wala mablanketi hayakuwapo. Mama hakuwa amesahau. Hata hivyo alipanga matofali, akaweka mbao juu yake na godoro la majani, akamwambia mvulana maneno machache juu ya kazi, uaminifu na dini, wakasali. Kisha jiko likafungwa kwa ufunguo mpaka asubuhi, ili vitu visiibwe.

Tazameni vema ufunguo huo. Anayelea watoto wa watu hatakiwi kuwa mjinga. Mtoto aliyekaa njiani amejifunza kuiba ili aishi, naye hataacha siku ya kwanza kwa sababu amepewa uji. Afungiwe ghala, lakini asifungiwe moyo. Na mtunza ghala naye aandike kila gunia la maharage liingialo na litokalo, mbele ya mtu wa pili, maana chakula cha yatima kimewahi kunenepesha watu wazima.

Padre Bosco aliwatafutia vijana wake mafundi wa kuwafundisha kazi. Mwaka 1852 aliandikiana mkataba na seremala mmoja wa Torino: fundi atamrudi kijana kwa maneno tu wala hatampiga, atampumzisha siku za sikukuu, na kila mwaka atampa siku 15 za likizo. Na katika mkataba huo baba wa kijana alitia sahihi pia. Padre alikuwa na jina, alikuwa na nyumba, lakini baba hakuwekwa kando.

Hapa ndipo nyumba nyingi za namna hii hukosea. Mtoto akija, ameandikwa jina lake na neno "Masisi", basi. Nani atampata mama yake kwa neno hilo, ikiwa Masisi yaanzia Sake mpaka mipaka ya Walikale? Siku ileile ya kwanza, kabla hajasahau, na aulizwe jina la baba na la mama, kijiji na kilima, jina la chifu, majina ya ndugu zake, soko walikouza viazi, kanisa walikosali. Wa Msalaba Mwekundu hutafuta wazazi kwa majina ya namna hiyo, katika makambi na vijijini. Tena atafutwe mtu mzima wa kusema naye lugha ya kwao, Kihunde ikiwa ni Kihunde, Kinyarwanda ikiwa ni Kinyarwanda. Mtoto mdogo husahau upesi. Atarudi kwa bibi yake asiweze kumsalimu.

Wala nyumba isione haya kumrudisha mtoto kwa jamaa maskini. Godoro zuri na shule ni vitu vya thamani, lakini havizai ukoo. Mlezi apendaye kuhesabu watoto wengi ili misaada iwe mingi, huyo amewageuza kuwa mbuzi wa mnadani. Wenye lawama nyingine ni sisi wa vijijini. Kuna mjomba mwenye shamba na nyumba ampelekaye mtoto wa marehemu dada yake mjini, asema, "Mapadre watamlisha." Huyo anyang'anya kitanda cha mtoto asiye na mjomba. Sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009 imewaweka watoto wa namna hii chini ya macho ya hakimu wa watoto. Lakini hakimu hawezi kumlazimisha mjomba kupenda.

Maswali ya kujifunza nyumbani

Kwa nini jiko la Mama Margherita lilifungwa, na tendo lake likabaki kuwa huruma?

Katika ukoo wenu yuko mtoto aliyepelekwa mbali? Nani alikwenda kumtazama mara ya mwisho, na lini?

Mwiteni mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Mwulizeni jina kamili la baba, la mama, na la kilima chenu. Asipojua, afundishwe jioni hii kabla ya kulala.