Kumpima Mwombaji wa Nyumba Asiye na Rekodi ya Mikopo, Goma

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya kuishi. Mwombaji ni mtu anayetaka kupanga. Andaa daftari, kalamu na simu. Mpe kila mwombaji ukurasa wake. Usidai karatasi ya benki: benki nyingi za Goma zilifungwa Januari 2025.

1. Andika kodi na garanti (amana ya mpangaji) kabla ya kuonyesha nyumba. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaruhusu garanti isiyozidi kodi ya miezi 3. Kudai miezi 6 hakuonyeshi nani atalipa vizuri. Kunaonyesha tu nani ana pesa leo.

2. Kagua kitambulisho: jina, picha, namba. Mwombaji aliyekimbia Masisi au Rutshuru huenda hana kadi ya mpiga kura ya 2023, kwa kuwa uandikishaji haukukamilika huko. Pokea kadi ya zamani au cheti kutoka kwa shefu wa mtaa. Usiulize kabila. Halihusiani na kodi, na Goma swali hilo huumiza.

3. Pima mapato. Mwombaji afungue mwenyewe ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money wa miezi 3. Usiguse simu yake wala kuuliza namba ya siri. Jumlisha pesa zilizoingia kila mwezi. Chukua mwezi wa chini kabisa, ugawe kwa 3. Kodi ikizidi jibu hilo, simama hapa.

4. Hesabu mihuri katika kijitabu chake cha AVEC (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana). Kila muhuri ni hisa moja iliyonunuliwa. Tazama mfululizo kuliko wingi: hisa moja kila mkutano ni ushahidi bora kuliko hisa tano za siku moja. Palipo na pengo, uliza sababu, uandike jibu. Kisha mpigie katibu wa kikundi, umuulize kama kuna deni. Asiye na kijitabu aende hatua ya 5.

5. Nenda kwa mwenye nyumba wake wa awali. Uliza: alilipa tarehe ngapi? Aliondoka na deni? Kama nyumba ilimezwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2021 au iko vitani, tafuta majirani 2 wa zamani, uwasikilize kila mmoja peke yake.

6. Kubali aliyefaulu hatua ya 3 pamoja na ya 4 au ya 5.

7. Saini mkataba, nakala 2, mbele ya shahidi. Akilipa kwa dola, kagua kila noti kabla ya kuandika risiti. Iliyochanika ibadilishwe papo hapo.