Kuzunguka Kisiwa cha Mbudya: Somo la Siku Moja Baharini

Walimu wanafunzi wanapopanga ziara ya baharini, wengi huanza na andalio la somo, kisha hutafuta chombo, na mwishowe huuliza maji yatakuwaje siku hiyo. Sisi twawashauri waugeuze mpango huo. Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji lifunguliwe kwanza, kwa kuwa tarehe, saa, na hata mada ya somo hutoka humo.

Tuchukue mfano wa Mbudya, kisiwa kinachoikabili Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Tangu 1975 eneo hilo ni hifadhi ya bahari. Kiingilio hulipwa, na ni marufuku kuvua au kuokota makombe. Mwalimu aliyetarajia kujaza meza ya maonyesho darasani na aridhike na michoro ya watoto.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, jua, mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, na tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi mita 1 hivi. La manufaa kwa mwalimu ni kwamba Dar es Salaam maji ya bamvua hupwa kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu. Basi twapendelea bamvua: mashua huzunguka kisiwa mapema, maji yangali ya kutosha, kisha darasa hushuka mwambani.

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo penye somo. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Tukigawa kina chote kitakachoongezeka katika sehemu 12, saa ya kwanza huleta sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Kwa hiyo nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Ikiwa tofauti ni mita 3, hiyo ni mita moja na nusu, yaani zaidi ya kimo cha watoto wengi wa darasa la tano. Mwalimu mgeni hudanganywa na utulivu wa saa ile ya kwanza, akaongeza dakika kumi, kisha kumi nyingine. Ikiwa maji yamekupwa saa 4:30, watoto wote wawe wametoka mwambani kabla ya saa 6:00, hata kama pweza ndiyo kwanza ameonekana.

Tusidhani kuwa mtoto wa pwani lazima ajue kuogelea. Wengi hawajui, nao huona haya kusema hivyo mbele ya wenzao. Waulizwe mmoja mmoja, faraghani, siku kadhaa kabla. Makoti ya kuokolea yahesabiwe kabla ya watoto kuhesabiwa. Yakipungua mawili, watoto wawili hawapandi, au safari haipo. Neno la nahodha kuhusu upepo halijadiliwi. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upande wa mashariki usizungukwe na watoto kamwe.

(Wenzetu wa kando ya Ziwa Victoria hawana maji ya kupwa na kujaa ya namna hii, lakini upepo wanao.)

Wakati wa kuzunguka, mwalimu aseme machache. Inatosha swali moja: kwa nini mchanga umelala upande wa magharibi, ilhali mashariki mawimbi yameuchimba mwamba kwa chini? Watoto wa wavuvi watajibu kabla ya kitabu, nao wapewe nafasi ya kuwafundisha wenzao. Kisha wauguse mwamba huo na kutafuta alama za matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita.

Asiyetaka kuingia majini asipewe kazi ya kulinda viatu. Achomeke ufukweni, maji yaishiapo, kijiti chenye alama kila sentimita 10, akisome kila baada ya nusu saa na kuandika. Kesho yake darasa zima litachora grafu kwa hesabu zake. Mtoto awezaye kueleza, kwa kuitazama grafu hiyo, kwa nini tulimwita atoke mwambani wakati maji yalikuwa bado vifundoni, apewe alama zote.