Bei ya Maziwa Lodwar na Kakuma Hupangwa Wapi?

Pakiti ya maziwa ya muda mrefu unayoikuta dukani Lodwar, katika Kaunti ya Turkana, ilipakiwa lorini Kitale au mbali zaidi, ikapita Kapenguria na Kainuk, ikasafiri takriban kilomita 300 au zaidi kabla ya kushushwa. Ile ya Kakuma huongezewa kilomita 120 hivi. Dizeli, barabara na faida ya kila mchuuzi vyote vimo katika bei unayolipa. Wakati huohuo, nje ya mji, ngamia na mbuzi wanakamuliwa, na maziwa yao hayafiki kwenye rafu hiyo. Ukame una sehemu yake, lakini sera nazo zina sehemu kubwa, na mwananchi ana haki ya kuzijua.

Sheria zilizoandikwa kwa ajili ya ng'ombe wa gredi

Kampuni ya maziwa ya KCC (Kenya Co-operative Creameries) ilianzishwa na walowezi mwaka 1925. Bodi ya Maziwa ya Kenya ikafuata mwaka 1958. Mfumo mzima ulijengwa kwa kuwaza nyanda za juu: ng'ombe wa gredi, hali ya hewa ya ubaridi, na lori la kukusanya maziwa kila asubuhi. Mwaka 1992 serikali iliacha kupanga bei, KCC ikayumba, na mwaka 2003 ikafufuliwa kwa jina la New KCC. Kwa miaka mingi Turkana ilihesabiwa kama mahali pa kupelekewa chakula cha msaada. Hilo lilikuwa kosa, na gharama yake tunailipa hadi leo.

Unga unaotoka ng'ambo

New Zealand huongoza duniani kwa kuuza nje maziwa ya unga yenye mafuta yake kamili, na tangu 2008 bei yake hufuata mnada unaofanyika mtandaoni. Umoja wa Ulaya nao uliondoa mwaka 2015 kikomo cha uzalishaji uliokuwa umekiweka tangu 1984. Maziwa yanapozidi huko, unga hutafuta wanunuzi kwingine.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijikinga. Chini ya Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005, maziwa yanayotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 60. Ya Uganda hayatozwi ushuru huo, ingawa Januari 2020 maofisa wa Kenya waliyakamata baadhi ya maziwa hayo na mzozo ukazuka. Machi 2023 Kenya ilisimamisha uingizaji wa maziwa ya unga ili kumlinda mkulima wake.

Nani anafaidika? Mkulima wa Nyandarua hupata nafuu. Mama wa Kakuma anayenunua kifuko kidogo cha maziwa ya unga kwa chai ya watoto hulipa zaidi. Mfugaji wa Turkana hapati chochote, kwa kuwa maziwa yake hayamo sokoni. Hatusemi ushuru ufutwe, maana ukiondolewa, unga wa bei rahisi utawazamisha wafugaji wadogo wote. Tunasema ulinzi huo umfikie na mfugaji wa Turkana.

Kakuma ina jambo lake. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, na mpango wa Bamba Chakula ulioanza 2015 uliwapa wakimbizi uwezo wa kujichagulia chakula madukani. Soko likachangamka. Fedha za wafadhili zilipopungua mwaka 2025, mgao ulikatwa. Familia iliyopunguziwa mgao hununua nafaka kwanza, maziwa husubiri. Uamuzi wa bajeti uliofanywa Washington huonekana kwenye kikombe cha chai cha Kakuma.

Maziwa yaliyopo hapa

Ngamia huendelea kutoa maziwa kiangazi, ng'ombe akiwa amekauka. Akina mama wa Turkana tangu zamani huyakausha maziwa juani yakawa unga uitwao *edodo*, akiba ya miezi ya njaa. Utaalamu upo. Mifugo ndiyo iliyopungua: mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia 2020, na zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa katika kaunti kame za Kenya.

Tazama Isiolo. Wanawake wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia, huyapoza, kisha huyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Waliungana, wakapata mahali pa kupozea, wakapata njia ya kufika sokoni. Shirika la Viwango la Kenya limeshaweka viwango vya maziwa ya ngamia, kwa hiyo mlango wa kisheria uko wazi.

Ukiuza maziwa, pata kibali cha Bodi ya Maziwa. Tumia chombo cha alumini au cha chuma kisichoshika kutu; mtungi wa plastiki uliowahi kubeba mafuta ya kupikia haufai, kwa sababu hausafishiki na maziwa huchacha upesi. Ukinunua maziwa mabichi, yachemshe kabla ya kuyanywa, hata ya ngamia, kwani ugonjwa wa brusela hupitia humo.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma za mifugo na masoko ya mashinani ziko mikononi mwa kaunti, na Katiba inaitaka kaunti iwasikilize wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Mkutano wa wadi ukiitishwa, nenda na wenzako. Ulizeni mtambo wa kupoza maziwa utajengwa wapi, umetengewa shilingi ngapi, na utaendeshwa na nani. Takeni jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.