Kufundisha Juu ya Magugu Vamizi

Katika viunga vya Arusha, lantana na gugu karoti, mimea yenye asili ya Amerika, huweza kuota mahali pamoja. Tukifyeka lantana peke yake, jua hufika ardhini na gugu karoti huenea palipobaki wazi. Hivyo, tuwaongoze wanafunzi waorodheshe magugu yote ya kipande kimoja, kisha tuwaulize: tukiliondoa hili, lipi litashika nafasi yake? Mjadala uwafikishe kwenye kuyakabili yote pamoja na kupanda nyasi za asili mara moja. Gugu karoti ling'olewe kabla ya kuchanua, kwani mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Wanafunzi wasiliguse, maana huwasha ngozi na kuathiri pumzi. Wao wachunguze tu. Kung'oa tuwaachie watu wazima wenye glavu.