SOMO LA BIASHARA: DENI LILIPWE KWA SIKU YAKE



Kila muhula tunaona jambo moja. Siku ya minervali inafika, majina yanasomwa, wengine wetu wanarudishwa nyumbani. Watu wanasema: wazazi wao hawana feza. Mara nyingi si hivyo. Mama ameuza bunga, Papa ametengeneza milango ya chuma, kazi imekwisha. Lakini feza yao iko katika nyumba za wengine. Kwa hiyo sisi wa mwaka wa mwisho, sekisio ya biashara, tumeona vema kuandika somo hili: namna gani muuzaji mdogo atalipwa kwa siku yake bila kufukuza wanunuzi.

1. Hasara ya deni

Tufanye hesabu. Tuseme Mama ananunua mfuko wa bunga kwa franga 45.000, anauuza kwa 50.000. Faida yake ni 5.000. Akikopesha mfuko mmoja na asilipwe, amepoteza zile 45.000 alizotoa. Ili azirudishe, inafaa auze mifuko 9 mingine bila kugusa faida yake hata kidogo. Na akilipwa kisha miezi 2, feza ile ililala tu. Ingalikaa mkononi mwake, ingalinunua mfuko mwingine, na mwingine tena.

Wazee wetu wanajua ubaya mwingine. Mwezi wa 10 mwaka 1993 ilikuja zaire mpya: 1 kwa zaire za zamani 3.000.000. Mwaka 1998 ikaja franga: 1 kwa zaire mpya 100.000. Katika miaka ile ya bei kupanda, aliyekopesha na kulipwa kisha miezi alipokea hesabu ileile aliyoandika, lakini ku soko haikununua tena kitu kilekile. Ndiyo sababu wauzaji wengi wa Lubumbashi wanaandika deni kwa dolari. Dolari inalinda bei. Lakini haimleti mwenye deni mlangoni.

2. Kwa nini watu wanachelewa

Si wote ni watu wabaya. Wengine wanachelewa kwa sababu nao hawakulipwa. Mji wetu ulijifunza hayo wakati wa taabu za Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470.000 za shaba. Mwaka 1994 karibu 30.000 tu. Mishahara ilichelewa, na aliyekuwa akiwakopesha wafanyakazi mpaka mwisho wa mwezi akabaki akingoja pamoja nao. Tunajifunza: usiweke madeni yako yote kwa watu wanaokula ku chungu kimoja.

Lakini wengine wana feza. Tuangalie likelemba. Mutu yuleyule anayemwambia mufundi wa cherehani, “Utapita kesho”, siku ya likelemba anatoa feza yake asubuhi. Sababu ni nini? Hesabu inajulikana, tarehe inajulikana, jina limeandikwa, na wenzake wanaona. Deni la dukani linakosa hayo yote. Tunaambiana tu, “Utanilipa ukipata.” Basi, hapati!

3. Mambo ya kufanya

a) Kabla ya kutoa mali, patana juu ya hesabu na tarehe. “Mwisho wa mwezi” si tarehe. “Tarehe 30” ni tarehe.

b) Andika katika kaye: jina, mali, hesabu, siku ya kulipa. Mnunuzi atie sahihi. Kama ni shemeji au mukubwa wa kanisa, andika vilevile. Kuandika si kumtukana.

c) Mufundi aombe avansi ya kutosha kununua chuma au mbao. Mlango utoke ku atelie siku feza iliyobaki inapoingia.

d) Kama mnunuzi ni kampuni au ofisi, peleka fakture siku ileile ya kutoa mali, yenye namba na tarehe. Uliza nani anatia sahihi na siku gani wanalipa. Fakture nyingi zinalala kwa sababu zilifika mezani pa asiyehusika.

e) Kumbusha siku 3 mbele, kwa heshima, si mbele ya watu: “Papa, tarehe 30 iko karibu, nitapita asubuhi.” Ikipita, usiulize, “Utanilipa lini?” Uliza, “Leo unatoa ngapi, na inayobaki tarehe gani?” Pokea kidogo, andika, mpe karatasi. Akilipa kwa simu, chunga ujumbe wake.

f) Usiongeze deni juu ya deni.

4. Ikishindikana

Congo imo katika OHADA tangu tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 2012. Sheria yake inaruhusu mwenye kudai kuomba kwa tribunali amri ya kulipa, kama deni lina mambo 3: ni la hakika, hesabu yake inajulikana, na siku yake imefika. Angalieni vizuri: ni mambo yaleyale ya kaye yetu, na ya likelemba! Anayeandika vizuri siku ya kukopesha mara nyingi hatafika kwa tribunali. Asiyeandika, akifika atasema nini?

Wenzetu, mama zetu wengi wanachunga madeni mu kichwa. Sisi tumefundishwa kuandika na kuhesabu. Siku ya posho hii, kila mmoja achukue kaye, akae karibu na Mama au Papa, waandike pamoja: nani, ngapi, tangu lini. Deni la zamani zaidi liandikwe juu.

MASWALI

1. Muuzaji ananunua kwa 18.000 na kuuza kwa 20.000. Deni moja lisilolipwa linakula faida ya mauzo mangapi?
2. Taja mambo 4 yanayofanya likelemba ilipwe kwa siku yake.
3. “Nilimkopesha ndugu, siwezi kuandika.” Mtamjibu nini?