Kidonda kimepona, kichwa bado: Funzo la Sahaba aliyejeruhiwa ubongo

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyemuumba mwanadamu na kumtunuku akili. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu hivi sasa si rahisi kupata ukoo ambao haujauguza majeruhi wa ajali. Kuna wa bodaboda, wa daladala, walioanguka kwenye majengo na waliopigwa na vibaka. Majeruhi hulazwa, ndugu huchangishana, msikitini huombewa dua, na siku akitoka hospitali wote husema: "Alhamdulillah, amepona." Nyuzi zimetolewa, anatembea, anawasalimia watu kwa majina yao. Nani atasema kuwa huyu bado ni mgonjwa?

Baada ya miezi miwili mitatu, maneno huanza. Fundi aliyekuwa hodari anaacha kazi saa nne asubuhi akalale. Baba aliyekuwa mpole anafoka kwa sababu ya kijiko kuanguka. Akitumwa vitu vitatu dukani, analeta kimoja. Harusini anaziba masikio na kuondoka. Hapo watu hutoa hukumu: mvivu, ana kiburi, amepandisha jini, karogwa na mkewe. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa hukumu hizo ni dhulma, na kwamba Mtume (s.a.w.) alikutana na mtu wa hali hii, akatuachia njia ya kuishi naye.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Ubongo ni laini na fuvu ni gumu. Kichwa kinapopata dhoruba, ubongo hutikisika humo ndani, na nyuzi zake nyembamba zinazopeleka habari kutoka sehemu moja kwenda nyingine huvutika au kukatika. Mara nyingi uharibifu huo ni mdogo kiasi kwamba hata picha ya kichwa iliyopigwa hospitali inaweza isionyeshe kitu. Ndiyo maana mtu huambiwa yu mzima wakati yeye mwenyewe anajua si mzima.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomsaidia mtu kupanga mambo, kuzuia hasira na kujua lipi la kusema na lipi la kunyamazia. Mwaka 1848 huko Marekani, msimamizi wa kazi za reli aitwaye Phineas Gage alipenywa na chuma kichwani. Alipona, akatembea na kuzungumza, lakini waliomjua walisema tabia yake imebadilika. Tangu zamani hizo, kisa chake kimekuwa kikisomeshwa kwa madaktari.

Uchovu wa mgonjwa huyu si uvivu. Jambo ambalo wewe unalifanya bila kufikiri, yeye analifanya kwa juhudi kubwa. Anaweza kukumbuka ya miaka 10 iliyopita na kusahau ya asubuhi, hivyo watu wakadhani anajifanya. Wengine hupoteza uwezo wa kunusa, chakula kikaungua jikoni bila wao kujua. Wengine hupata kifafa miezi au hata miaka baada ya ajali. Familia ngapi zimemzungusha mgonjwa wa namna hii kwa waganga, kumbe alihitaji kurudishwa kwa daktari?

Sahaba aliyehadaiwa sokoni

Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), mtu mmoja alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa anahadaiwa katika biashara. Mtume akamwelekeza kuwa kila anapouziana na mtu, atamke kwamba hapana kuhadaana. Mapokezi mengine yanafafanua zaidi. Wapo waliosema mtu huyo ni Habban bin Munqidh, na wapo waliosema ni baba yake, Munqidh bin Amri. Alikuwa amepata jeraha la kichwa lililofika kwenye utando wa ubongo, ulimi wake ukawa mzito na akili ikadhoofika katika mahesabu. Pamoja na hayo, hakuacha biashara.

Katika mapokezi ya Abu Daud, jamaa zake walimwendea Mtume (s.a.w.) wakitaka azuiwe kabisa kuuza na kununua. Mtume alimwita na kumkataza. Yule bwana akasema hawezi kuvumilia kukaa bila biashara. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamwachia, lakini kwa sharti: atamke neno lile. Na katika mapokezi ya Ibn Majah, akapewa pia siku tatu za kufikiri katika kila bidhaa anayonunua. Akiridhika aichukue, asiporidhika airudishe.

Ndugu msomaji, hebu tuzingatie hukumu hii. Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa mtu huyu anajisingizia. Hakumfungia ndani kama asiye na maana. Alimsikiliza yeye mwenyewe, si jamaa zake tu, kisha akampa vitu viwili: neno la kuwajulisha watu hali yake, na muda wa akili yake kufikia pale wengine wanapofika haraka.

Imepokewa pia kuwa aliishi hadi zama za Uthman (r.a.), na alipobishana na wauzaji, Maswahaba walikuwa wakimtolea ushahidi kuwa kweli Mtume alimpa siku tatu. Kwa hiyo jukumu halikuwa lake peke yake. Soko zima lilitakiwa kulijua jambo lake.

Sheria inakitambua kisichoonekana

Katika fiqhi, fidia ya jeraha linalofika kwenye utando wa ubongo ni theluthi ya diya, na diya kamili ni ngamia 100. Lakini kipigo kikimwondolea mtu akili, fidia yake ni diya kamili, hata kama kidonda chenyewe kimekauka. Imepokewa kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alihukumu diya nne kwa mtu mmoja aliyepigwa kichwani akabaki hai, kwa kuwa alipoteza kusikia, kusema, akili na uwezo wa ndoa. Ikiwa sheria inakipa thamani kubwa namna hii kitu kisichoonekana kwa macho, vipi sisi tunakidharau?

Tujihadhari na fatwa za barazani

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akafundisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Leo tunawasikia watu wakimwambia majeruhi asiache kufunga bila kumuuliza daktari wake. Mwingine akitamka talaka katika hasira za maradhi, majirani wanakata hukumu palepale. Hayo ni mambo ya kupelekwa kwa mwanachuoni, pamoja na maelezo ya daktari.

Wapo watakaosema kuwa tukiyakubali haya, kila mkorofi atasingizia ajali. Jibu ni kuwa Sahaba yule hakuachiwa afanye atakavyo, aliwekewa utaratibu. Majeruhi mwenye akili bado anawajibika kwa kadiri ya uwezo wake, na kupiga mke au watoto hakugeuki kuwa halali. Familia ikihofia usalama wake, itafute msaada mapema.

Basi tufanye nini?

Nyumbani, aelezwe jambo moja kwa wakati, aandikiwe, na apate sehemu tulivu ya kupumzika. Kazini, arudi kidogo kidogo. Katika swala, akitia shaka kama ameswali rakaa tatu au nne, ashike tatu, akamilishe, kisha asujudu sijda mbili za kusahau. Huo ndio utaratibu wa Muislamu yeyote mwenye shaka, si aibu yake peke yake. Akipata kifafa, maumivu makali ya kichwa yanayozidi, kutapika au usingizi usio wa kawaida, arudishwe hospitali haraka.

Na tusimsahau mke au mama anayemuuguza. Yeye huonekana ana mume mzima, hivyo hakuna anayempelekea hata pole. Wakati wa ajali tulijaa hospitali. Tumtembelee na mwezi wa sita, tukae na mgonjwa ili yeye apate kupumzika.

Mtume (s.a.w.) alitoa siku tatu kwa kila bidhaa. Sisi tunashindwa hata kumpa ndugu yetu dakika tatu amalize sentensi yake.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, na atupe subira na elimu ya kuishi nao. Wabillahi tawfiq.