SOMO: KUTOA SKRUBU ILIYOKATIKA KATIKA MTI MGUMU

Ndugu Katibu, bawaba ya ghala ikilegea, kahawa ya wanachama haina ulinzi. Mlango wa mvule hudumu miaka mingi, lakini ugumu wake huikata skrubu iliyokazwa bila kutobolewa tundu kwanza.

Skrubu ikikatika, usiigongomee ndani. Fuata hatua hizi:

1. Ondoa bawaba. Kwa patasi nyembamba, chimba kuizunguka mpaka milimita 3 au 4 za chuma zionekane.

2. Ibane kwa koleo, uizungushe polepole kuelekea kushoto. Ikikataa, iguze kwa ncha ya chuma cha moto. Ikipoa, jaribu tena.

3. Isiposhikika, toboa kwa keekee matundu madogo kuizunguka, kisha uing'oe.

4. Ziba pengo kwa kigingi cha mvule na gundi. Kikauke hadi kesho yake.

5. Toboa tundu jembamba kuliko skrubu mpya, uipake nta, ndipo uikaze.

Andika matengenezo hayo katika daftari la mali za chama.

Swali la kujadiliwa: Katika chama chenu, nani hukagua bawaba za ghala kabla ya msimu wa kununua kahawa?